William Greaves na Swali la Mwenye Kamera

Katika insha hii nitaeleza safari ya kazi ya William Greaves, mwongozaji wa filamu na vipindi vya televisheni wa Marekani. Alizaliwa Harlem, jijini New York, tarehe 8 Oktoba 1926, akafariki jijini humohumo tarehe 25 Agosti 2014. Kati ya tarehe hizo mbili alicheza ngoma, akaigiza, akahariri, akaongoza, akatayarisha na kutangaza. Kazi zinazobeba jina lake ni nyingi kiasi kwamba sitajaribu kuzitaja zote. Nimemchagua yeye badala ya waongozaji wanaojulikana zaidi huku kwetu kwa sababu maisha yake yanatulazimisha kuuliza swali ambalo sisi wanafunzi wa historia tunalipita haraka mno. Tukiletewa filamu darasani kama chanzo, tunauliza inaonyesha nini. Ni mara chache tunauliza nani aliamua ionyeshe hiki na kuacha kile, nani alilipa, na nani alikuwa ndani ya chumba cha kuhariri mlango ulipofungwa.

Msimamo wangu niuweke wazi mapema. Karibu kila filamu ya Greaves ililipiwa na mtu mwingine: serikali ya Kanada, serikali ya Marekani, televisheni ya elimu, na wengineo. Wapo wanaosema kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kuitwa huru. Mimi naona aliutafuta uhuru wake mahali pengine, yaani katika haki ya kuamua, na kwamba historia ya kazi yake ni historia ya jinsi haki hiyo ilivyogombaniwa, mara nyingine hata dhidi yake mwenyewe.

Baba yake alitoka Barbados, akawa dereva wa teksi na mhubiri. Mama yake alitoka Jamaika. Kijana alisoma Stuyvesant, sekondari ya serikali yenye sifa kubwa jijini New York, akaanza uhandisi chuoni, akauacha. Alichokipenda ni jukwaa. Alicheza ngoma katika kundi la Asadata Dafora, msanii kutoka Sierra Leone aliyewafundisha Wamarekani Weusi ngoma za Afrika Magharibi, hivyo naweza kusema kwamba Afrika ilimwingia Greaves kwa miguu kabla haijamwingia kwa vitabu. Kisha akaigiza na kundi la American Negro Theatre la Harlem, akaonekana katika filamu Miracle in Harlem ya mwaka 1948 na Lost Boundaries ya mwaka 1949, na akapokelewa Actors Studio, mahali walipopita waigizaji wengi waliokuja kutamba Marekani.

Kwa nini basi mtu aliyekuwa anapanda namna hiyo aliacha kuigiza? Mwaka 1950 alipata nafasi katika mchezo wa Twentieth Century uliorudishwa jukwaani Broadway, pamoja na Gloria Swanson na José Ferrer, watu wenye majina makubwa. Nafasi yenyewe ilikuwa ya mpagazi wa treni, Mweusi wa kuchekesha, anayeburuta miguu na kubabaika mbele ya wazungu. Greaves aliikataa, akaondoka. Tukio hili ni dogo, lakini ukiyafuata maisha yake yote utaliona kama mlango. Mwigizaji anaweza kukataa nafasi moja, na kesho yake mwandishi yuleyule atamwandikia mpagazi mwingine. Anayeamua mpagazi awe nani hayuko jukwaani. Greaves akaanza kusoma ufundi wa filamu, na kwa kuwa milango ya studio na ya vyama vya mafundi wa sinema nchini mwake ilikuwa imefungwa kwa watu Weusi, mwaka 1952 akahamia Kanada.

Huko aliingia Bodi ya Taifa ya Filamu, taasisi ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1939 chini ya John Grierson, Mskoti ambaye maandishi yake juu ya filamu za hali halisi Greaves alikuwa ameyasoma. Hakuanza kwa kukaa kwenye kiti cha mwongozaji. Alianza chini, akapanda: sauti, uhariri, kisha uongozaji. Mwaka 1959 aliongoza Emergency Ward, filamu kuhusu chumba cha dharura cha hospitali ya Montreal. Haina waigizaji, kamera inangoja, wagonjwa wanaingia, madaktari wanafanya kazi, usiku unapita. Mwaka huohuo alimwoa Louise Archambault, ambaye tangu hapo alikuwa mshirika wake katika utayarishaji hadi mwisho. (Vitabu vingi vya sinema humtaja mke huyu kwa sentensi moja. Nami nafanya vivyo hivyo, lakini angalau nimesema.)

Aliporudi New York mwaka 1963, Marekani ilikuwa inatikisika. Agosti ya mwaka huo watu wapatao robo milioni waliandamana Washington kudai ajira na uhuru. Greaves alifanya kazi ya televisheni katika Umoja wa Mataifa, halafu akaajiriwa kutengeneza filamu za USIA, idara ya serikali ya Marekani iliyoshughulikia habari na utamaduni katika nchi za nje. Hapa ndipo penye utata, na hapa nitakaa kidogo.

USIA ilikuwa chombo cha Vita Baridi. Kazi yake ilikuwa kuishawishi dunia, na hasa nchi mpya za Afrika na Asia, kwamba Marekani ni nchi njema. Picha za polisi wakiwaachia mbwa watoto Weusi kule Birmingham mwaka 1963 zilikuwa zimezunguka dunia nzima, na Wasovieti hawakukosa kuzitumia. Serikali iliwahitaji Wamarekani Weusi wenye vipaji waonekane mbele ya Afrika. Greaves alilijua hilo. Aprili 1966 akatumwa Dakar, kwenye Tamasha la Kwanza la Dunia la Sanaa za Watu Weusi lililoandaliwa chini ya rais Léopold Sédar Senghor. Aliagizwa atengeneze filamu fupi ya habari, ya dakika chache tu. Alipofika na kuona yaliyokuwepo, akapiga picha kwa ajili ya filamu ya dakika arobaini hivi. Ndani yake wamo Duke Ellington na bendi yake, wacheza ngoma wa Alvin Ailey, mshairi Langston Hughes aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja tu wa kuishi, pamoja na wachezaji na wachongaji wa nchi nyingi za Afrika. Wasovieti nao walitengeneza filamu yao kuhusu tamasha hilohilo, na anayetaka mada ya tasnifu angeweza kuziweka hizo mbili bega kwa bega.

Filamu ya Greaves ilipendwa sana barani Afrika, ikaendelea kuombwa kwa miaka mingi. Ajabu ni kwamba nyumbani haikuonyeshwa. Sheria ya mwaka 1948 iliyoongoza kazi ya habari za serikali kwa mataifa ya nje ilitafsiriwa kwamba kazi hizo zisitangazwe ndani ya Marekani, ili serikali isiwapigie propaganda raia wake. Matokeo yake yalikuwa kwamba mtu wa Dakar au wa Lagos aliweza kuwaona Wamarekani Weusi katika fahari yao, lakini mtu wa Harlem, ambaye fahari hiyo ilikuwa yake, hakuweza.

Tulipoijadili filamu hii na wenzangu, mmoja wao alisema kwa ukali kwamba Greaves alikuwa kipaza sauti cha serikali: alipewa tiketi na kamera ili awatulize Waafrika, wakati ndugu zake wanapigwa mitaani. Hoja hiyo siidharau. Ukiitazama filamu hutasikia habari za Birmingham, wala hutamwona mwandamanaji hata mmoja. Hata hivyo tukumbuke kwamba aliyetuma aliomba kipande cha habari, na aliyetumwa akarudi na kitu kingine, kikubwa kuliko agizo, ambacho kitovu chake ni watu Weusi wa pande mbili za Atlantiki wakitazamana bila mzungu kuwatambulisha. Mwajiri alipata alichotaka, na Greaves naye akapata alichotaka. Mwanahistoria anayeichukua filamu hiyo kama propaganda tupu amekosea, na anayeichukua kama sauti huru ya Afrika amekosea zaidi.

Sasa twende mwaka 1968, ambao kwangu ndio moyo wa habari hii.

Tume iliyoundwa na Rais Johnson baada ya ghasia za miji ya Marekani ilitoa ripoti yake mwanzoni mwa mwaka huo, na sehemu moja ya ripoti iliwalaumu wenye magazeti na televisheni kwamba wanaiandika nchi kana kwamba watu Weusi si wasomaji wala watazamaji, na kwamba wameajiri waandishi Weusi wachache mno. Tarehe 4 Aprili Martin Luther King akauawa. Mwezi Juni mtandao wa televisheni ya elimu, NET, ukaanzisha kipindi cha saa moja kila mwezi kilichoitwa Black Journal. Kilitangazwa kama kipindi cha watu Weusi, kinachotengenezwa na watu Weusi kwa ajili ya watu Weusi. Greaves alikuwa mmoja wa watangazaji wake wawili.

Wafanyakazi walipojihesabu waliona kwamba maneno na mambo hayalingani. Mtayarishaji mkuu, mwenye neno la mwisho juu ya kila dakika iliyorushwa, alikuwa mzungu. Mwezi Agosti, kipindi kikiwa bado kichanga, wafanyakazi Weusi wakagoma. Hawakugomea mshahara. Waligomea cheo kimoja, kile chenye mamlaka ya kuamua, na walitumia tangazo la kituo chenyewe kama silaha: mmesema ni chetu, basi tupeni. Kituo kikakubali, na Greaves akawa mtayarishaji mkuu.

Napenda kulitazama tukio hili kwa jicho la mwanahistoria wa kazi na wafanyakazi kuliko la mpenzi wa sinema. Katika vitabu vyetu mgomo ni wa reli, wa migodi, wa bandari. Sisi wa Katanga tumelelewa na habari za migomo ya migodini. Huu wa New York haukusimamisha treni wala tanuru. Uliwahusu watu wachache ndani ya ofisi za televisheni. Lakini kilichodaiwa kilikuwa kikubwa: kwamba anayeonyeshwa ndiye aamue jinsi atakavyoonyeshwa.

Chini ya Greaves kipindi kilikwenda kwa watu ambao televisheni nyingine ziliwafikia tu walipokuwa wanapigwa au wanachoma: wanachama wa Black Panther, wanafunzi wa vyuo vya watu Weusi, wasanii, wakulima wa kusini, na Afrika pia. Mwaka 1970 kikapata tuzo ya Emmy. Jambo ambalo mimi nalithamini kuliko tuzo ni kwamba Black Journal kikawa shule. Vijana waliokuwa hawapati nafasi ya kushika mashine za sauti au kamera mahali pengine walijifunza pale, St. Clair Bourne alipita pale, na Madeline Anderson pia, ambaye mwaka 1970 alitoa I Am Somebody, filamu kuhusu wanawake Weusi wa hospitali waliogoma huko Charleston. Greaves mwenyewe aliondoka mwaka huo wa 1970 arudi kwenye kampuni yake, na nafasi yake ikachukuliwa na Tony Brown.

Kwa wenzangu wa Kiswahili niongeze jambo dogo la kando. Miaka hiyohiyo lugha yetu ilikuwa inatembea Marekani bila sisi kujua. Kwanzaa ilianzishwa California mwaka 1966, na nguzo zake saba zilipewa majina ya Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima na nyinginezo. Mwandishi Amiri Baraka alijiita Imamu. Greaves alimkuta Baraka huyo akiwa mmoja wa viongozi wa mkutano mkuu wa kisiasa wa watu Weusi uliofanyika Gary, Indiana, mwezi Machi 1972, akaupiga picha. Filamu yake, Nationtime, inawaonyesha wajumbe maelfu waliojaa ukumbini, Jesse Jackson akiwaita na wao wakiitikia, Coretta Scott King na Betty Shabazz, wajane wa mashujaa wawili, chini ya paa moja. Televisheni zikaiona kali mno. Kwa miaka mingi kilichozunguka ni toleo lililofupishwa, na toleo kamili lilirudi kwa watazamaji mwaka 2020, Greaves akiwa amekwisha kufa. Hapo tena, kamera ilikuwa yake, lakini mkasi ulikuwa mkononi mwa mwingine.

Nirudi mwaka 1968, kwa sababu kuna jambo la pili lililotokea mwaka huo, na wengi wanaolieleza hawaliunganishi na mgomo. Katika bustani ya Central Park, Greaves alipiga filamu yenye jina ambalo mhadhiri wangu aliniomba nilisome mara mbili: Symbiopsychotaxiplasm. Neno la asili lilikuwa la mwanafalsafa wa jamii Arthur Bentley, naye Greaves akachomeka kipande cha katikati. Mpango ulikuwa hivi. Mume na mke wanagombana bustanini, mke akimlaumu mume kwa mimba alizozitoa kwa sababu yake. Mazungumzo yameandikwa vibaya, ya kuchosha, na yanarudiwa na waigizaji mbalimbali. Kamera ya kwanza inawapiga waigizaji. Ya pili inawapiga mafundi wanaowapiga waigizaji. Ya tatu inapiga chochote kinachotokea: wapita njia, polisi anayeuliza kibali, mtu asiye na makazi anayejitokeza kuzungumza. Greaves mwenyewe yumo ndani ya picha, anaonekana hajui anachofanya, anatoa maelekezo yanayopingana.

Mafundi walichoka. Wakakutana faraghani bila yeye, wakawasha kamera, wakajadiliana mbele yake: huyu bwana anajua kazi, au ametupoteza? Je, filamu hii ni yake au ni yetu? Wengine walimtetea, wengine walimponda waziwazi. Mwishoni wakampa picha hizo. Mwongozaji mwingine angezichoma. Yeye akazikata na kuziunganisha ndani ya filamu, na leo hiyo ndiyo sehemu ambayo kila mtu anaikumbuka.

Weka mambo haya mawili pamoja. Katika mwaka mmoja Greaves alinufaika na uasi wa wafanyakazi dhidi ya mkubwa wao, na yeye mwenyewe akawa mkubwa aliyeasiwa. Mara ya kwanza alisimama upande wa waliosema mamlaka yahame. Mara ya pili mamlaka yalikuwa yake, na aliacha yagombaniwe mbele ya watu wote. Wapo wanaodai kwamba aliupanga uasi ule tangu mwanzo, kwamba ubabaifu wake ulikuwa wa makusudi. Huenda kweli, lakini hata kama alipanda mbegu, hakuwaandikia mafundi maneno yao. Ninachokiona ni mtu aliyekuwa tayari kuulizwa swali lilelile alilowauliza wengine.

Filamu hiyo haikupata wa kuisambaza. Ilikaa zaidi ya miaka ishirini ikijulikana na wachache, mpaka jumba la makumbusho la Brooklyn lilipoonyesha kazi zake mwaka 1991 na mwigizaji Steve Buscemi alipoiona muda mfupi baadaye kwenye tamasha la Sundance. Yeye na mwongozaji Steven Soderbergh walisaidia Greaves kutengeneza mwendelezo wake, uliotoka mwaka 2005. Mwaka 2015 filamu ya kwanza iliingizwa katika orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa huko Marekani. Mwenyewe hakuishi kuiona siku hiyo.

Kazi za katikati nazipitia haraka. Alipiga filamu ya pambano la kwanza la Muhammad Ali na Joe Frazier la mwaka 1971. Mwaka 1981 alikuwa mtayarishaji mkuu wa Bustin' Loose, vichekesho vya Richard Pryor, na hapo ndipo alipokaribia Hollywood kuliko wakati mwingine wowote, hakukaa. Mwaka 1974 alitoa From These Roots, filamu kuhusu mwamko wa sanaa wa Harlem wa miaka ya 1920, iliyojengwa kwa picha za mnato. Ili kuitengeneza, mwaka 1972 aliwakusanya wazee waliobaki wa mwamko huo nyumbani kwa Duke Ellington, wakazungumza, wakabishana, wakakumbushana, kamera zikifanya kazi. Mikanda hiyo hakuimaliza. Alipofariki ilikuwa bado inasubiri. Mwaka 1989 akatoa filamu ya Ida B. Wells, mwandishi wa habari aliyefichua mauaji ya Weusi yaliyofanywa na makundi ya wazungu, na sauti inayosoma maandishi ya Wells ni ya Toni Morrison. Ni filamu ninayoipendekeza kwa yeyote anayefikiri kwamba filamu ya historia lazima ichoshe.

Nafika sasa kwenye kazi inayonigusa kama Mkongomani wa Lubumbashi. Mwaka 2001 Greaves alitoa Ralph Bunche: An American Odyssey, iliyosimuliwa na Sidney Poitier. Bunche alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Nobeli ya Amani, mwaka 1950, kwa kuwapatanisha Israeli na majirani zake Waarabu. Lakini sisi tunamjua kwa sababu nyingine. Alifika Léopoldville kwa ajili ya sherehe za uhuru za tarehe 30 Juni 1960, jeshi lilipoasi akabaki, akawa mkuu wa kwanza wa operesheni ya Umoja wa Mataifa Kongo hadi mwishoni mwa Agosti. Katanga ilijitenga tarehe 11 Julai. Lumumba alitaka majeshi ya Umoja wa Mataifa yaimalize Katanga. Umoja wa Mataifa ulisema hilo si jukumu lake. Tarehe 4 Agosti Bunche akaja Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi, akakuta watu wa Tshombe wako tayari kupigana, akarudi bila kuyaingiza majeshi. Kati yake na Lumumba hapakubaki kuaminiana. Januari 1961 Lumumba aliuawa, si mbali na mji wetu.

Filamu hiyo imejengwa juu ya kitabu cha Brian Urquhart, ofisa wa Umoja wa Mataifa aliyekuwa Kongo pamoja na Bunche mwaka ule. Kwa hiyo nikimuuliza Greaves maswali aliyotufundisha kuuliza, yaani nani anaamua, nani anasikika, nani yuko nje ya mlango, jibu langu ni kwamba kwa habari ya Kongo anatazama kutoka dirisha la Umoja wa Mataifa. Bunche anaonekana mtu mwema aliyezidiwa na mambo, na huenda alikuwa hivyo kweli. Lakini Wakongomani ni dhoruba inayompiga, si watu wenye hoja zao. Mtoto wa Harlem aliyekataa kumwigiza mpagazi alitupa sisi nafasi isiyo pana sana kuliko ile. Nasema hivyo bila chuki. Anayetengeneza filamu ya maisha ya mtu mmoja humfuata mtu huyo, na Bunche hakukaa sana mitaani kwetu.

Kuna jambo moja kumhusu Bunche ambalo mpaka leo linanisumbua. Mwaka 1937, akiwa London kwa masomo, alijifunza Kiswahili, na mwalimu wake alikuwa Jomo Kenyatta. Kisha akasafiri Afrika Mashariki akiwa na kamera ya filamu, akawapiga picha Wakikuyu. Miaka ishirini na mitatu baadaye ndege yake ilitua Elisabethville, mji ambao watu wake walikuwa wanazungumza Kiswahili sokoni, migodini na majumbani, lakini mazungumzo yake yote pale yalikuwa na watu wa serikali ya Tshombe na Wabelgiji wao. Hao wa sokoni waliyaonaje mambo ya siku ile? Wachache waliokuwa watu wazima wakati huo bado wako hai, Katuba na Kenya na Kamalondo. Nimeanza kuwarekodi kwa simu yangu, kwa Kiswahili chetu cha huku. Nina dakika arobaini na kitu mpaka sasa, za wazee watatu ambao hawakubaliani hata kuhusu hali ya hewa ya siku hiyo, na bado sijakata hata dakika moja.